Uvimbe wa Taya: Historia ya Kirusi Kilichotambuliwa kwa Watoto wa Uganda

Virusi vya jamii ya herpesi vina tabia moja inayoviunganisha vyote, nayo ni kwamba vikishaingia katika mwili wa binadamu havitoki tena: ugonjwa wa kwanza, ambao aghalabu hutokea utotoni, hupita, lakini kirusi chenyewe hujificha ndani ya chembe za mwili na kubaki humo hadi mwisho wa uhai wa mtu. Kimojawapo humletea mtoto tetekuwanga, kisha hurejea miongo kadhaa baadaye kwa sura ya mkanda wa jeshi. Kingine huleta malengelenge ya midomo. Kirusi cha sita na cha saba huwapa watoto wadogo homa kali ya siku tatu au nne, na homa inaposhuka ngozi hutoka vipele vyekundu ambavyo hupotea bila dawa. Katika jamii hiyo limo kundi dogo liitwalo kundi la gama, ambalo kwa binadamu lina virusi viwili tu, cha nne na cha nane katika hesabu ya wanasayansi, na hivi ndivyo ambavyo, katika mazingira fulani, vinaweza kuzigeuza chembe vilimojificha kuwa saratani. Historia ya kundi hili, hasa ya kirusi cha nne, iliandikwa kwa sehemu kubwa Afrika Mashariki, na zaidi ya popote katika wadi za watoto za Mulago, Kampala.

Ugonjwa ulioanzisha yote hayo ulikuwapo zamani kabla haujapewa jina la kitabibu. Albert Cook, daktari wa misheni aliyefungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za wagonjwa wake zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa, na ndani yake wamo watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya ambao madaktari wa baadaye waliutambua mara moja. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne hakuna aliyeuona kuwa ni ugonjwa mmoja. Sababu yake ilikuwa namna kazi ya hospitali ilivyogawanywa: mtoto aliyevimba taya alipelekwa kwa daktari wa upasuaji, aliyetokeza jicho akaandikiwa saratani ya jicho, aliyejaa tumbo akaandikiwa saratani ya figo au ya mishipa ya fahamu, na kila kipande cha nyama kilichofika maabara kilipewa jina kwa kufuata kiungo kilikotolewa. Watoto waliokufa kwa ugonjwa mmoja walihesabiwa katika safu tano au sita tofauti za daftari.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, bingwa wa magonjwa ya watoto Mulago ambaye tayari alikuwa na sifa kwa utafiti wake juu ya kwashakoo, alimwita mwenzake wa upasuaji amtazame mtoto mmoja wadini. Mwenzake huyo alikuwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland, mwenye jicho moja tangu ajali ya utotoni, aliyefika Uganda mwaka 1946 katika utumishi wa kikoloni na kuanzia kazi Lira. Mtoto alikuwa na uvimbe kila upande wa uso, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yake yalikuwa yamelegea hadi yakawa yanaelea katika ufizi. Jambo hilo halikupatana na maelezo yoyote ya kawaida, kwa kuwa usaha wa jino haushambulii pembe nne za mdomo kwa pamoja, wala saratani ya mfupa haifanyi hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, Burkitt aliona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile, akatoka kwenda kumpima, akakuta kwamba tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Kuanzia hapo kila mtoto mwenye taya lililovimba alipapaswa tumbo, na kila mwenye uvimbe tumboni alifunguliwa mdomo, na viungo vilivyokuwa vimetenganishwa katika daftari vikaanza kukutana katika mwili wa mtoto mmoja.

Makala aliyoichapisha mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza ilieleza habari za watoto 38, na ikapita karibu bila kutambuliwa. Alichokiita sakoma, yaani saratani ya nyama na mifupa, kilihitaji jicho la mtu wa hadubini. Katika idara ya patholojia ya Makerere, chini ya Profesa J. N. P. Davies, ambaye rejesta ya saratani ya Kampala ilianzishwa kwa juhudi zake, daktari Mmarekani Gregory O'Conor alikuwa akipitia vipande vya uvimbe vya watoto vilivyohifadhiwa, akagundua kwamba takriban nusu ya saratani zote za watoto zilikuwa za aina moja: limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga. Chini ya kioo, chembe hizo hujipanga zikiwa nyeusi na zimebanana bila nafasi, na katikati yake hutawanyika chembe kubwa nyeupe zinazokula mabaki ya zilizokufa, ndiyo maana wanapatholojia hadi leo huieleza sura hiyo kuwa ni anga la usiku lenye nyota. Nyota hizo ni ushahidi wa kasi ya ugonjwa: uvimbe huu hukaribia kujizidisha maradufu kwa siku moja au mbili, haraka kuliko karibu saratani nyingine yoyote ya binadamu, kiasi kwamba chembe zinazokufa njiani ni nyingi mno.

Burkitt hakuwa mtaalamu wa maabara, na nguvu yake ilikuwa katika swali jepesi ambalo wengine hawakuliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi? Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapa picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa madaktari wa serikali na wa misheni katika sehemu nyingi za Afrika, akiwaomba wamweleze kama wamewahi kuona kitu cha namna hiyo. Majibu yalipochorwa ramanini yalifanya ukanda uliokatiza katikati ya bara, wenye mkia ulioshuka kando ya pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Ili kujua ukanda huo unakatikia wapi hasa, tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala katika gari kuukuu aina ya Ford, akiwa pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa muda wa wiki kumi walisafiri takriban maili 10,000, wakipita Kenya, Tanganyika na nchi za kusini hadi Afrika Kusini, wakisimama katika hospitali kubwa na ndogo kuonyesha picha na kuuliza. Williams anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa, kwa kuwa katika hospitali yake ya Kuluva, karibu na Arua, yeye na wasaidizi wake waliandika habari za kila mgonjwa pamoja na mahali pa nyumbani kwake, na kumbukumbu hizo za hospitali ndogo ya kijijini zilikuja kuwa miongoni mwa hazina kubwa za utafiti wa saratani.

Safari ilibainisha kwamba mpaka wa ugonjwa ulikuwa wa mwinuko. Karibu na ikweta uvimbe haukuonekana kwa watu waliokaa juu ya takriban futi 5,000, na kadiri wasafiri walivyoelekea kusini mpaka huo ulishuka, hadi ukawa karibu na usawa wa bahari. Nyanda za juu za Kenya, milima ya Kigezi, na miinuko ya Rwanda na Burundi hazikuwa nao, ilhali kandokando ya Ziwa Viktoria na katika mabonde ya Nile ulikuwa jambo la kawaida. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe na mtaalamu wa mbu, alipoitazama ramani alitambua kwamba mwinuko ulikuwa kivuli tu cha joto: ugonjwa ulikomea pale ambapo wastani wa joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, na baadaye ikaonekana kwamba ulikoma pia pale ambapo mvua haifiki sentimita 50 kwa mwaka. Mahali penye joto na mvua ni mahali pa mbu, na hivyo wazo likazaliwa kwamba huenda saratani hii inaletwa na kirusi kinachosambazwa na mbu, kama ilivyo homa ya manjano. Wazo hilo lilikuwa na kosa ndani yake, lakini ndilo lililofungua mlango.

Mnamo tarehe 22 Machi 1961, miezi michache kabla ya safari, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akichunguza kwa hadubini ya elektroni kirusi kinachosababisha saratani kwa kuku, jambo lililokuwa limethibitishwa na Peyton Rous tangu mwaka 1911 lakini ambalo wanasayansi wengi waliliona kuwa ajabu ya ndege isiyomhusu binadamu. Alipoona saratani inayofuata mvua na joto, Epstein aliamini kwamba hapo pana kirusi, akakubaliana na Burkitt kwamba vipande vya uvimbe vilivyokatwa Mulago vipelekwe London kwa ndege usiku huohuo. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande viliwasili, na kila kilichojaribiwa kilishindikana: hadubini haikuonyesha kirusi, na mbinu zote za kawaida za kukuza virusi maabarani hazikutoa chochote.

Tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kutoka Kampala ilizuiwa na ukungu isitue London, ikaelekezwa Manchester, na kipande kilipofika maabara mchana ule kilikuwa kimechelewa na maji yake yalikuwa yamechafuka. Desturi ilikuwa kukitupa, kwa kudhani kwamba bakteria wameingia. Epstein alichukua tone akalitazama, akakuta kwamba uchafu ule ulikuwa chembe za saratani zenyewe, zilizojitenga na kipande kwa kutikiswa safarini, zikielea peke yake zikiwa hai. Hadi wakati huo watafiti walizilazimisha chembe hizo zishike kwenye kioo na zikakataa. Sasa zilionyesha kwamba zinataka kuelea. Msaidizi wake wa utafiti, Yvonne Barr kutoka Ireland, alizikuza hivyo katika maji ya lishe hadi zikazaa ukoo wa chembe zisizokoma kugawanyika, na tarehe 24 Februari 1964 Epstein aliziweka chini ya hadubini ya elektroni, akaona katika chembe moja kirusi chenye umbo la jamii ya herpesi. Alihofia kwamba mwali wa mashine ungekiunguza, akaizima, akatoka nje na kuzunguka katika theluji kabla hajarudi kupiga picha. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet tarehe 28 Machi 1964, kwa majina ya Epstein, Barr na mwenzao Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad. Kirusi kikaitwa cha Epstein na Barr, na uvimbe ukaitwa limfoma ya Burkitt; mtoto wa Uganda ambaye chembe zake zilisafiri katika ukungu ule hana nafasi katika majina hayo, na haifai kuisoma habari hii bila kumkumbuka.

Hatua iliyofuata iliharibu kabisa nadharia ya mbu. Werner na Gertrude Henle, mume na mke waliohama Ujerumani katika miaka ya 1930 na kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, walipokea chembe hizo na kutengeneza kipimo cha kingamwili, yaani alama ambazo mwili huziacha katika damu baada ya kupambana na kirusi. Watoto wa Uganda wenye uvimbe walikuwa nazo kwa wingi, kama ilivyotarajiwa, lakini watu wazima wa Marekani ambao hawajawahi kufika Afrika walikuwa nazo pia. Kisha mfanyakazi mmoja wa maabara yao, ambaye damu yake ilikuwa ikitumika kama mfano wa damu isiyo na kingamwili, aliugua homa ya tezi, ugonjwa wa vijana wa Ulaya na Marekani unaovimbisha shingo na kuchosha mwili kwa wiki nyingi, na alipopona damu yake ilikuwa na kingamwili. Taarifa yao ya mwaka 1968 ilithibitisha kwamba kirusi kilichopatikana katika saratani ya Uganda ndicho chanzo cha homa ya tezi, na kwamba kimeenea duniani kote kwa njia ya mate, bila kuhitaji mdudu yeyote. Tofauti ilikuwa ya umri: mtoto wa vijiji vya Afrika Mashariki hukipata mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka mitatu, na hukipokea kimyakimya bila kuugua, ilhali aliyelelewa katika mazingira ambamo watoto hawashirikiani sana mate hukutana nacho ujanani na kulala kitandani.

Basi ramani ya Burkitt haikuwa ramani ya kirusi, na hapa ndipo penye kiini cha historia yote hii. Kirusi kiko Nairobi na London, lakini uvimbe uko Arua, Musoma na Kisumu. Kwa hiyo lazima kiwepo kitu cha pili kinachofuata joto na mvua. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake waliofanya kazi Kenya walikitaja: malaria, ile isiyo na msimu, inayomwandama mtoto mwaka mzima. Burkitt mwenyewe alikubaliana nao baadaye, akielekeza macho kwa Unguja na Pemba, visiwa vyenye joto na mvua ya kutosha lakini ambamo uvimbe ulikuwa nadra, katika miaka ambayo kampeni ya Shirika la Afya Duniani ya kupuliza dawa majumbani ilikuwa imeipunguza sana malaria. Ushahidi mwingine ulitoka kwa wahamiaji: waliozaliwa katika milima na kuteremkia Buganda kutafuta kazi waliugua wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, kana kwamba mwili usiozoea malaria ulikuwa unaanza hesabu yake upya.

Maelezo ya jinsi magonjwa hayo mawili yanavyoshirikiana yalijengwa polepole. Malaria isiyokoma huzichochea chembe za kinga zigawanyike bila kupumzika na wakati huohuo hudhoofisha askari wa mwili wanaokizuia kirusi kilichojificha humo, na katika mgawanyiko huo wa haraka hutokea kosa. Kosa lenyewe liligunduliwa Stockholm, ambako mwaka 1972 watafiti Manolov na Manolova waliona kromosomu ya 14 iliyorefuka kuliko kawaida, na mwaka 1976 ikabainika kwamba kipande kilichoongezeka kimekatika kutoka kromosomu ya nane; mwaka 1982 ikajulikana kwamba kipande hicho hubeba jeni inayoitwa MYC, inayoamuru chembe igawanyike, na kwamba mahali ilipohamia haizimwi.

Wakati mjadala wa sababu ukiendelea, Mulago ilikuwa na kazi ya dharura zaidi. Kukata taya kulimharibu mtoto bila kumponya, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, hivyo Burkitt na wenzake walijaribu dawa mpya za saratani, hasa saiklofosfamidi na methotrekseti, kwa dozi chache kwa kuwa hakukuwa na uwezo wa zaidi. Uso uliovimba kwa wiki kadhaa ulirudi katika umbo lake kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona moja kwa moja kwa kiasi cha dawa ambacho Ulaya kingeonekana kuwa si kitu, jambo lililowapa madaktari wa dunia nzima ushahidi wa mapema kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Agosti 1967 kituo cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler, na hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Sifa yake haikutokana na dawa tu, bali pia na wahudumu waliokwenda vijijini kuwatafuta watoto waliotibiwa ili kujua nani yu hai. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, kazi haikusimama: Charles Olweny, daktari Mganda, aliishika taasisi hiyo katika miaka ambayo dawa, petroli na wenzake walipungua siku hadi siku, na ni haki kusema kwamba uhai wa taasisi hiyo ni kazi ya Waganda waliobaki.

Katika miaka hiyohiyo migumu ulifanyika utafiti ambao hadi leo hauna wa kufanana nao kwa ukubwa wa nia. Ili kuthibitisha kwamba kirusi hutangulia saratani, badala ya kuvamia uvimbe uliokwisha kuota, timu ya Guy de-Thé wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la Lyon ilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile kati ya mwaka 1972 na 1974, ikaigandisha, ikasubiri. Hapakuwa na njia nyingine, kwa kuwa ugonjwa huu, japo ni mwingi kuliko saratani nyingine za watoto, humpata mtoto mmoja kati ya maelfu mengi. Taarifa ya mwaka 1978 ilieleza watoto 14 waliougua, na damu yao ya zamani ilipoyeyushwa ilionekana kwamba walikuwa na kingamwili za kirusi kwa kiwango cha juu kuliko watoto wenzao, miezi na hata miaka kabla ya uvimbe kutokea. Mwaka 1979 vita vilifika na watu wa West Nile walivuka mipaka kwenda Sudan na Zaire, ufuatiliaji ukakatika. Familia ambazo ziliwanyooshea wageni mikono ya watoto wao zilipata thibitisho la kisayansi lililoingia vitabuni, lakini hazikupata chanjo, ambayo bado haijapatikana.

Jaribio la upande wa pili, la kuizuia malaria ili kuona kama saratani itapungua, lilifanyika Tanzania. Katika wilaya ya North Mara, ambako hospitali ya misheni ya Shirati ilikuwa imekusanya kumbukumbu nzuri za uvimbe huo, watoto chini ya miaka kumi walipewa klorokwini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982. Uvimbe ulipungua, kisha ukaongezeka tena mradi ulipokwisha, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya vidonge kugawiwa, na vimelea vya malaria vilirejea hata dawa ilipokuwa bado inatolewa. Hivyo jaribio halikutoa jibu ambalo lingemnyamazisha mwenye shaka.

Kirusi cha nane, ndugu wa cha nne katika kundi la gama, kilitambuliwa baadaye sana, mwaka 1994, na Yuan Chang na Patrick Moore wa Marekani, lakini ugonjwa wake ulijulikana Kampala kitambo. Sakoma ya Kaposi, iliyoelezwa Vienna mwaka 1872 kuwa ni mabaka meusi ya ngozi ya wazee, ilikuwa nyingi Uganda hata kabla ya ukimwi, na mwaka 1961 Makerere iliandaa mkutano wa kimataifa juu yake. Olweny na wenzake walionyesha kwamba kwa watoto ugonjwa huo huacha ngozi na kuvimbisha tezi za limfu, na kwamba huua haraka.

Shirika la Lyon liliingiza rasmi kirusi cha Epstein na Barr katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1997, na malaria ya kudumu ikatajwa kuwa kisababishi kinachoelekea kuwa cha kweli mwaka 2012. Mambo mengine yanaendelea kuchunguzwa, ukiwamo utomvu wa mnyaa, mmea wa uzio uliozoeleka vijijini, ambao maabarani huamsha kirusi kilicholala. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2016 utafiti mkubwa uliwaandikisha watoto wa kaskazini mwa Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na miongoni mwa maswali yake lilikuwamo lile la malaria lililoibuka mwaka 1964, sasa likiulizwa kwa njia ya urithi: mtoto aliyerithi jeni moja ya selimundu hulindwa dhidi ya malaria kali, basi je, hulindwa pia dhidi ya uvimbe? Uchambuzi wa damu ya watoto wa kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba ndivyo ilivyo. Tiba, kwa upande wake, imesonga mbele bila usawa: katika nchi tajiri zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hupona, ilhali katika hospitali nyingi za ukanda ule uliochorwa na Burkitt idadi hiyo hukaribia nusu au huwa chini yake, kwa kuwa watoto hufika wakiwa wamechelewa, na nauli ya kurudi kwa dozi ya pili na ya tatu hukosekana nyumbani.